Likizo Imefika: Mwacheni Mtoto Apumzike Mpira



Kila mwisho wa mwaka, kuanzia Bulumbi na Busia yote hadi Tororo, hali huwa ni moja. Shule imefungwa Ijumaa, Jumamosi kombe limeanza. Mwanasiasa ametoa mbuzi, mfanyabiashara wa mpakani ametoa seti ya jezi, na familia fulani inayomkumbuka mzee wao aliyezikwa mwaka jana imetoa fahali. Watoto waliochezea shule tangu Februari ndio hao hao wanaochezea kijiji, kisha kata, kisha timu ya mjomba aliyekuja kutoka Kampala au Nairobi na pesa kidogo mfukoni. Ninyi mliopita Mulanda mwaka 2008 mnakumbuka kwamba hata pale kwenye kituo cha mpito, katikati ya mahema, mpira haukukosekana.

Hapa kambini mambo ni hayo hayo. Tofauti ni kwamba mwenye kombe mara nyingi ni shirika. Kuna kombe la Siku ya Wakimbizi tarehe 20 Juni, kuna la kupinga ukatili, la kunawa mikono, la amani. Nasema hivi nikijua kwamba sisi watu wa afya nasi tumo katika orodha hiyo.

Swali ambalo wazazi wawili watatu wameniuliza kituoni ni hili: mtoto anayecheza mpira wa mashindano apumzike kiasi gani wakati wa likizo? Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote alipate. Mtoto aliye chini ya miaka 18 apumzike mpira wa mashindano angalau miezi miwili katika mwaka, na mmoja kati ya hiyo uwe mfululizo, katika likizo kubwa ya Desemba na Januari. Ndani ya msimu apate siku moja kamili kila wiki bila mazoezi wala mechi, na zikiwa mbili ni bora zaidi. Saa zake za mpira kwa wiki zisizidi umri wake.

Sikuyatunga mwenyewe hayo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2007: siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, miezi miwili au mitatu kwa mwaka bila mchezo ule mmoja, na mtoto asichezee zaidi ya timu moja kwa msimu. Ile hesabu ya saa na umri ilitiliwa nguvu baadaye, mwaka 2015, na watafiti waliolinganisha watoto walioumia na wasioumia. Wale waliofanya mazoezi kwa saa nyingi kuliko miaka yao walikuwa na majeraha makubwa zaidi ya kutumika kupita kiasi. Utaniambia hiyo ni Marekani, watoto wa huko wanapelekwa uwanjani kwa gari. Ni kweli, na ndiyo sababu ninaona kwamba watoto wetu wanahitaji zaidi ya hapo.

Tupige hesabu ya kijana wa miaka 13 anayekaa bloki yoyote hapa. Timu ya shule inafanya mazoezi siku nne kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Hizo ni saa 6. Timu ya bloki inakutana jioni mbili, saa mbili kila jioni: saa 4. Jumamosi mechi mbili na Jumapili mechi mbili, tuseme saa moja kila mechi: saa 4 nyingine. Jumla saa 14, tayari amepita umri wake, na hatujahesabu kombe la shirika wala ule mpira wa makaratasi anaocheza na wenzake kabla ya jua kuzama. Huo wa makaratasi mimi siuhesabu, na nitaeleza kwa nini. Lakini nani anayemhesabia madumu ya maji? Nani anahesabu kuni, jembe, magunia ya siku ya mgao? Mtoto huyu huyu akitoka uwanjani anabeba lita 20 kutoka bombani hadi nyumbani. Kule mpakani kuna wengine wanaosukuma baiskeli za mizigo siku ya soko. Kazi ya bodaboda yenyewe ilizaliwa pale Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, na hadi leo miguu ya vijana ndiyo inayolipa karo nyingi za shule. Goti halijui tofauti kati ya mechi na gunia.

Sasa niseme kinachotokea ndani ya mwili, maana mtu akielewa sababu hahitaji kuamriwa.

Mfupa wa mtoto haurefuki kutoka katikati. Unarefukia karibu na ncha zake, mahali penye tabaka laini ambalo bado halijawa mfupa mgumu. Fikiri ukuta wa udongo uliokandikwa jana. Kwa macho umesimama, lakini ukiuegemea unaacha alama. Kati ya miaka 10 na 15, na kwa wasichana mapema kidogo, mifupa hurefuka kwa haraka kuliko misuli na kano zinazoishikilia. Msuli mkubwa wa paja umefungwa kwa kano chini ya goti, juu ya muundi, hasa mahali penye tabaka hilo laini. Kila mara mtoto anapopiga shuti, anapokimbia au anaporuka kupiga kichwa, msuli unavuta pale. Akivuta na kupumzika, pale panapona. Akivuta kila siku bila kupumzika, panavimba, panauma, na mwisho unaona kijinundu chini ya goti.

Kijinundu hicho kinajulikana duniani tangu mwaka 1903, walipokieleza madaktari wawili kila mmoja kwao, Osgood wa Boston na Schlatter wa Zurich. Huku kwetu kina majina mengine. Wengine wanasema mtoto amekanyaga dawa ya mtu, wengine wanasema ni damu chafu, naye anachanjwa kwa wembe na kupakwa majivu. Nawaomba sana, msimchanje. Si uchawi na si damu chafu. Wembe unaweza kuingiza wadudu karibu na goti, na goti likioza hilo ni jambo la hospitali kubwa. Tatizo lenyewe, likiachwa lipumzike, kwa watoto wengi huisha lenyewe mfupa ukishakomaa. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mpira, na haiuzwi dukani.

Kisigino nacho kina ugonjwa wa namna hiyo, kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 hivi. Mtoto anatembea kwa vidole asubuhi, akishachangamka anasema amepona, jioni anachechemea tena. Wanaocheza peku juu ya ardhi ngumu, au kwa viatu vyembamba vya mpira vilivyokwisha soli, hawa tunawaona sana. Hapa nawakumbusha jambo moja kuhusu Desemba. Huko Ulaya na Marekani watoto wanapumzika mpira wakati wa kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti. Kiangazi chetu ni Desemba hadi Februari. Mvua imekatika, ardhi imekauka kama sakafu ya saruji, jua la saa nane linachoma. Ndipo tunaporundika makombe yote.

Maumivu ya goti na kisigino yana heri kidogo, kwani yanapiga kelele mapema. Kuna jeraha lingine linalokuja kimya, ule ufa mwembamba katika mfupa unaotokana na kupigwa pigwa bila kupona. Unampata kijana kwenye muundi, kwenye mifupa ya juu ya wayo, au kwenye kiuno. Alama yake ni maumivu mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, yanayozidi akicheza, na yakikomaa yanauma hata akiwa amelala. Kijana wa namna hiyo asicheze hata dakika moja kabla ya kuonwa. Ufa ukilazimishwa hugeuka kuwa mvunjiko kamili.

Nije kwenye jambo linaloniudhi. Vijana wanameza diklofenaki kabla ya mechi. Wengine wanachomwa sindano ya matako nyuma ya duka na mtu asiye na ujuzi, ili wamalize fainali. Kocha anajua, na mara nyingine yeye ndiye aliyelipia. Dawa ile haiponyi chochote, inazima kengele tu huku nyumba ikiendelea kuungua. Mtoto aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, akiimeza, anaziweka figo zake hatarini. Sindano ikikosewa mahali inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, naye aliyekuwa winga akabaki anaburuta wayo. Mwalimu wa timu, kama mchezaji wako hawezi kucheza bila dawa ya maumivu, huyo si mchezaji wa leo. Mwache nje.

Kuna habari ya chakula ambayo siwezi kuiruka, ingawa najua inauma. Mgao kamili unaopangwa kwa mkimbizi ni kama kalori 2,100 kwa siku. Hapa Uganda mgao ulianza kupunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na Mei 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha ya msaada wa chakula. Kijana wa miaka 15 anayefanya mazoezi makali anahitaji karibu kalori 3,000 au zaidi. Pengo hilo mwili unalijaza kutoka wapi? Unachota kwenye misuli, kwenye mifupa, kwenye damu. Mtoto anaacha kurefuka vizuri, anaumwa mafua na homa mara kwa mara, anasinzia darasani, majeraha yake hayaponi. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililieleza tatizo hili mwaka 2014 kwa wanamichezo wakubwa wanaokula pungufu ya wanachotumia, na wengi wa hao wana chakula mezani, wanajinyima wenyewe. Kwetu hakuna anayejinyima. Ndiyo maana nasema kwamba mahali ambapo chakula kimepungua, mpira wa mashindano nao lazima upungue. Katika mwezi ambao jiko limekuwa gumu nyumbani, mapumziko ya mtoto ni sehemu ya chakula chake.

Wasichana wanastahili aya yao. Timu za wasichana zimeongezeka na ninafurahi kuziona. Lakini msichana akitoka mazoezini anaingia jikoni, anachota maji, analea mdogo wake, anafua. Kaka yake aliyecheza naye amelala chini ya mwembe. Mama, ukimpa msichana wiki ya mapumziko ya mpira halafu ukamjazia kazi zote za nyumba, hukumpumzisha. Na wewe binti, kama ulikuwa unapata hedhi vizuri, kisha ikakatika miezi mitatu katikati ya msimu na huna mimba, usifurahi kwamba umepona usumbufu. Mwili unakwambia chakula hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha. Njoo kituoni, omba kuonana na mkunga au muuguzi wa kike. Hutaulizwa habari za aibu mbele ya watu.

Halafu kuna malaria. Wanaotoka Tororo wanajua. Kabla ya kunyunyiza dawa majumbani kuanza huko mwishoni mwa mwaka 2014, watafiti waliofanya kazi Nagongera walihesabu kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria mara mamia kwa mwaka. Mtoto akishapona homa, damu yake bado ni chache kwa muda, na damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Anamaliza dozi Jumatano, Jumamosi yuko uwanjani, dakika ya 20 anashika kiuno na watu wanamzomea kwamba ni mvivu. Mpe wiki mbili. Weupe ndani ya kope za chini na viganja vilivyopauka ni dalili kwamba hata wiki mbili hazitoshi na anatakiwa kupimwa damu.

Vilevile, zaidi ya mtoto mmoja kati ya 10 nchini Uganda ana chembechembe moja ya ugonjwa wa selimundu aliyorithi kwa mzazi. Hawa si wagonjwa na hakuna sababu ya kuwanyima mpira. Ila kwenye jua kali, bila maji, wakikimbizwa hadi kuanguka, wana hatari kuliko wenzao. Na mtoto yeyote aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, au anayebanwa na kifua uwanjani, asirudi kucheza mpaka moyo wake usikilizwe. Tarehe 26 Juni 2003 dunia ilimwona Marc-Vivien Foé wa Kamerun akianguka peke yake katikati ya uwanja huko Lyon, bila kuguswa na mtu, na hakuinuka. Alikuwa na miaka 28, na moyo wake ulikuwa na kasoro.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni la wazee, na lina uzito: mtoto asiye na mpira wakati wa likizo atafanya nini? Ataenda kwenye pombe ya waragi, kamari, vikundi vya usiku. Msichana atapata mimba. Afadhali mpira. Ndugu zangu, nakubaliana nanyi kabisa kwamba mtoto asikae bure. Lakini tutenganishe mambo mawili tuliyoyachanganya, kucheza na kushindana. Wale watoto wanaokimbiza mpira wa makaratasi jioni hawajaumizwa na mpira huo. Aliyechoka anakaa, aliyeumia anaenda kwao, hakuna anayepiga kelele kutoka nje, hakuna mbuzi. Mwili wa mtoto unajua kujipima akiachwa. Kinachomwondolea breki ni kombe: kocha mwenye hasira, mjomba mwenye dau, shabiki aliyeweka shilingi zake. Kwa hiyo katika mwezi wa mapumziko mtoto acheze nage, aruke kamba, aendeshe baiskeli, aogelee kama kuna mahali salama na mtu mzima, acheze voliboli, acheze ngoma za kwao. Hata mpira acheze kidogo, bila refa. Anayekatazwa ni yule bwana mwenye ratiba.

La pili ni la wazazi na la vijana wenyewe, nalo ndilo linaloumiza zaidi kulijibu. Mpira ni mlango. Shule za sekondari zenye majina katika soka, kama St. Mary's Kitende, huchukua vijana wenye vipaji. Mashindano ya shule za Afrika Mashariki kwa kawaida hufanyika Agosti. Mwaka 2025 yalikuwa Kakamega, si mbali na kwetu, na vijana wetu waliyasikia redioni. Mtoto wa mkimbizi asiye na karo anaona pale ndipo pa kutokea. Ukimwambia apumzike Desemba, anasikia kwamba unamfungia mlango siku ambayo msaka vipaji anapita.

Simdharau anayefikiri hivyo. Nami namtaja Awer Mabil, kwa kuwa kila kijana hapa anamjua. Alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akacheza peku kwenye vumbi la kule, akaondoka mwaka 2006 na familia yake kwenda Australia, na Juni 2022 akafunga mkwaju wake wa penalti dhidi ya Peru siku Australia ilipojipatia nafasi ya Kombe la Dunia. Angalia miaka. Alipoondoka kambini alikuwa na umri wa miaka 10. Hakuna mbuzi wala seti ya jezi iliyomtengeneza. Alifika kwenye mpira wa ushindani akiwa na magoti yake mawili mazima, na miaka mingi mbele yake.

Upande wa pili mtazameni Pedri wa Barcelona. Katika msimu wa 2020 na 2021, akiwa na miaka 18, alicheza mechi zaidi ya 70, klabu na timu ya taifa, akaunganisha mashindano ya Ulaya na Olimpiki ya Tokyo bila likizo ya kueleweka. Msimu uliofuata paja lake likaanza kumsumbua, akakaa nje kwa miezi, na majeraha ya msuli yakamrudia mara kadhaa. Huyo ana daktari, ana mtaalamu wa chakula, ana kitanda kizuri. Ikiwa mwili wa Pedri uligoma, wa mtoto wa bloki ya tano anayelala juu ya mkeka na kula mara moja utafanya nini? Na chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPRO, kilipowakusanya wataalamu mwaka 2025, walishauri wiki nne za mapumziko baada ya msimu. Hao ni watu wazima wenye mifupa iliyokomaa.

Umri nao tuuseme wazi. Kuna vijana wa miaka 14 wanaochezeshwa na wenye miaka 22 kwa karatasi zilizokorogwa, na kuna wakubwa wanaorudishwa umri ili wacheze na wadogo. Katika hali zote mbili anayeumia ni mdogo. Mzazi, usitie saini karatasi yenye mwaka wa kuzaliwa usiokuwa wa mwanao.

Kwa upande wa hofu ya kupoteza mazoezi, kijana wangu, usiwe na wasiwasi. Nguvu za misuli hazikimbii kwa wiki mbili tatu. Pumzi hupungua kidogo na kurudi haraka. Ufundi wa mguu uliojifunza kwa miaka hausahauliki kwa mwezi mmoja, kama vile usivyosahau kuendesha baiskeli. Kinachoumiza ni namna ya kurudi. Tuliona shule za Uganda zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona. Vijana waliorefuka sana katika kipindi hicho waliingia uwanjani siku ya kwanza kana kwamba waliondoka jana.

Makocha wengi hapa mnajitolea bila malipo na nawaheshimu kwa hilo. Mrudisheni mchezaji polepole. Wiki ya kwanza baada ya likizo, siku tatu tu, nusu ya muda, bila mechi. Wiki ya pili siku nne, mchezo mdogo wa watano kwa watano. Wiki ya tatu mazoezi kamili. Mechi ya ushindani wiki ya nne. Kabla ya kila mazoezi tumieni dakika 20 za kupasha mwili, yaani kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa vizuri. Ni ule mpango wa FIFA unaoitwa 11+. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Ulijaribiwa Lagos, Nigeria, kwa wachezaji 416 wa ligi ya vijana, wa miaka 14 hadi 19, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba timu zilizoufuata zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Uwanja wa Lagos na uwanja wetu wanafanana kuliko uwanja wa Barcelona.

Kwa Nairobi, pale Ziwani, kuna mashindano maarufu ya mwisho wa mwaka yanayoitwa Koth Biro, kwa Kijaluo maana yake mvua inakuja. Ni mashindano ya kupendeza, watu wanajaa hadi juu ya mapaa, na wachezaji wa ligi kuu huyatumia kujichangamsha ligi yao ikiwa imesimama. Sina neno nayo. Watu wazima wana hiari yao. Ninachokataa ni kuyaiga kwa kuwatumia watoto wa darasa la sita ambao msimu wao haukusimama hata wiki moja.

Kwa mashirika, likiwemo letu, nina ombi ambalo tayari nimelipeleka mezani na ninalirudia hapa hadharani ili nanyi wakaaji mlidai. Anayetaka kufanya kombe la watoto chini ya miaka 18 aangalie kwanza kalenda moja ya pamoja itakayobandikwa kwenye ubao wa kituo cha afya na ofisi ya kamati ya michezo. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba hadi wiki ya pili ya Januari kusiwe na kombe lolote la watoto. Ujumbe wa kunawa mikono unaweza kutolewa kwa ngoma na maigizo. Mechi ya mtoto isianze kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mtoto asicheze zaidi ya mechi moja kwa siku. Hii desturi ya kumaliza kombe zima kwa Jumamosi moja ili kuokoa gharama ya kukodi spika ndiyo inayotujazia benchi la kituo kila Jumatatu. Na zawadi iwe kitu cha timu yote, mipira, nyavu, madumu ya maji, badala ya pesa inayoishia mfukoni mwa mtu mmoja.

Kamati za michezo za bloki zikikutana kupanga ratiba ya likizo, mzazi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusema. Nendeni na jina la mtoto, timu anazochezea zote, na saa zake za wiki mlizozihesabu kwenye karatasi. Mwenye mtoto anayechechemea kwa zaidi ya wiki mbili, au anayeamka usiku kwa maumivu ya mfupa, au mwenye goti lililovimba pamoja na homa, asingoje mkutano. Amlete kituoni, na mwenye goti la homa aje siku hiyo hiyo.